Jeneza la Mayai

Jeneza lenyewe lilikuwa zuri. Hilo hata Msusi alilikubali, naye si mwanamke wa kukubali mambo hovyo. Mbao ngumu, msasa wa kutosha, vanishi mara tatu, na upande wa kichwa kidirisha cha kioo ili waombolezaji wamtazame mpendwa wao kwa mara ya mwisho. Lilikuwa na kasoro moja tu: mpendwa mwenyewe alipona. Familia ilikata tamaa mapema, ikaagiza sanduku kabla mgonjwa hajamaliza dawa, na baada ya wiki mgonjwa akaja kwa miguu yake, akalizunguka, akaligongagonga kwa fimbo, akasema rangi haimpendezi. Akaenda zake. Mpaka leo anadunda mitaani, na Fundi akimwona hugeuza uso kama mtu aliyevunjiwa ahadi.

Huyo Fundi ndiye mume wa Msusi. Mtaani wanamwita Bwana Futi, kwa sababu akikusalimia macho yake huanzia utosini, yakateremka polepole mpaka kwenye viatu, na midomo ikacheza kidogo kama ya mtu anayepiga hesabu. Hana nia mbaya hata chembe. Ni kazi tu imemkaa mwilini. Lakini binadamu hapendi kupimwa angali anatembea, na wajanja wa mtaa walikuwa wakimsalimia wakiwa wameketi.

Msusi alisuka watu barazani, na baraza ilitazamana na ua, na uani ndiko majeneza yaliegemezwa ukutani yakingoja wenyewe. Sasa niambie, ni bibi harusi gani anataka kupambwa huku masanduku matatu yanamkodolea macho? Wateja walipungua mmoja mmoja, kwa adabu, kila mmoja na udhuru wake. Huyu shingo inamuuma, yule amehama, mwingine ameamua kunyoa. Msusi aliwaona baadaye barabarani, wamesukwa vizuri tu na watu wengine, akaumeza uchungu.

Kilichommaliza ni maneno ya Mama Duka. Huyu alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, mwenye duka la vitu vya nyumbani, na kwa miaka mingi alikuwa mteja wake na shoga yake wa kupiga naye soga. Siku moja Msusi ameingia dukani kununua sabuni, akamkuta Mama Duka amempa mgongo, anawaambia wenzake: "Kule bwana, ukienda kusukwa hujui utatoka na nywele au utatoka na sanduku." Duka zima likaangua kicheko. Msusi alirudisha sabuni mahali pake, akaenda nyumbani mkono mtupu, akamkuta mumewe anapiga randa.

"Chagua," alimwambia. "Mimi au majeneza."

Fundi alizima redio yake ndogo. Aliwaza muda mrefu mno kwa mtu aliyeulizwa swali la namna hiyo, na Msusi alilisajili hilo moyoni kwa matumizi ya baadaye.

"Kuku," alisema hatimaye.

"Kuku nini?"

"Nitafuga kuku. Nitatotolesha vifaranga mwenyewe, hapa hapa. Umeshaona mtu anamkimbia muuza kuku?"

Msusi alisema sawa, na kwa kuwa bado alikuwa na hasira akaongeza yale ambayo angeyaacha angekuwa ametulia. Vifaranga wakitoka, majeneza basi, siku hiyo hiyo. Wasipotoka, yeye anakwenda kuishi kwa dada yake. Fundi akamwekea ahadi. Wakapeana mikono kama watu wa mnada.

Usiku huohuo Msusi alishajuta. Dada yake ni mjane anayeamka alfajiri kukemea watu, anayefunga sukari kabatini na kutembea na ufunguo. Msusi hakutaka kwenda huko. Alimpenda Bwana Futi wake, hata na macho yake hayo ya kupanda na kushuka. Lakini neno lilishatoka, na yeye alikuwa mwanamke ambaye neno lake likitoka halirudi hivi hivi. Kwa hiyo hatima ya ndoa ile ikawekwa ndani ya mayai.

Mashine ya kutotolesha iliwashinda kununua, na hapo ndipo Fundi alipolikumbuka jeneza la yule mgonjwa mkaidi. Alilibeba sebuleni, kwenye soketi, akaliweka juu ya stuli mbili. Akafunga balbu ndani, akatandika wavu, akaweka bakuli la maji kwa ajili ya unyevu na kipimajoto mahali ambapo mtu angekichungulia kupitia kioo. Mtaalamu mmoja wa mifugo, ambaye wao walimwita Bwana Mifugo na ambaye walimjua kwa simu tu, aliwaelekeza joto, maji na namna ya kugeuza mayai. Hawakumwambia kuwa mashine yao ni jeneza. Walimwambia ni "sanduku la mbao", na uongo haukuwepo hapo.

"Limezibwa vizuri?" aliuliza Bwana Mifugo. "Joto lisitoroke ovyo."

Fundi alitabasamu mpaka simu ikasikia. "Ndugu yangu, kwa kuziba umefika."

Waliyapanga mayai thelathini, yote yametoka kwa mfugaji mwenye jogoo anayejulikana kwa bidii zake. Kila yai Fundi aliliandika kwa penseli yake ya useremala, msalaba upande mmoja na duara upande wa pili, ili wajue lipi limegeuzwa. Asubuhi, mchana na jioni kifuniko kiliinuliwa, mayai yakageuzwa, kifuniko kikashushwa. Kilishuka bila sauti, kama kazi zake zote. Msusi, ambaye alikuwa amekusudia kutojihusisha, alijikuta kwenye siku ya nne anamkaripia mume kwa kuyagonganisha.

"Taratibu! Unashika misumari?"

"Yamelala tu."

"Hayajalala, yamo njiani."

Wiki ya kwanza ilipoisha waliyamulika kwa tochi, chumba kikiwa kimefungwa mapazia. Msusi aliweka la kwanza kwenye mwanga na kuona vijishipa vyekundu vimetawanyika, na katikati kitu kidogo cheusi kinachorukaruka. Alikaa kimya kwa dakika nzima, jambo ambalo mumewe hakuwahi kulishuhudia, hata akaogopa kuwa mkewe ameugua.

"Moyo huo," alisema Msusi.

Fundi alisogeza uso, akatazama, midomo ikaanza kucheza, akajizuia. Mayai matatu yalikuwa meupe ndani, matupu. Waliyatoa.

Kisha umeme ukakatika, mchana kweupe, na haukurudi. Kipimajoto kilianza kuteremka. Msusi alichemsha maji, akayajaza kwenye chupa, akazipanga ndani, kisha wakalifunika jeneza kwa mablanketi yote ya nyumba, na juu kabisa shuka jeupe ili yasiteleze. Wakafungua mlango wa mbele wapate mwanga, wakaketi pande mbili za sanduku, nyuso zimesawijika. Mpita njia mmoja akatupa jicho ndani. Akavua kofia. Akaingia kwa kunyata, akampa Fundi mkono wa pole, akampa Msusi, akaketi kwenye ukingo wa kochi akainamisha kichwa.

"Ameugua muda mrefu?" aliuliza baadaye, kwa sauti ya chini.

"Umeme umekatika tu," alisema Fundi.

Yule bwana alitafakari jibu hilo. Msusi alibana midomo mpaka machozi yakamtoka, na machozi hayo yakamthibitishia mgeni kila kitu. Alipoambiwa kuwa ni mayai, aliinuka, akavaa kofia, akaondoka akiwa amekasirika, kana kwamba wamemnyang'anya msiba wake. Umeme ulirudi jioni, na vitu vyeusi vilivyomulikwa vilikuwa bado vinarukaruka.

Zilipobaki siku tatu kutimia ishirini na moja, Bwana Mifugo alitoa amri mpya. Sasa basi kugeuza. Msifungue kabisa. Ongezeni maji mara moja, fungeni, muwaachie wenyewe kazi.

Kwa Fundi hiyo ilikuwa amri tamu. Kufunga na kuacha ndiyo fani yake. Alishusha kifuniko, akapitisha kidole kwenye maungio yote, akaridhika. Msusi kwa upande wake hakuridhika na lolote. Alipitia kazi zake za nyumbani huku sikio moja liko sebuleni. Jioni ya siku ya pili alilisikia: mlio mwembamba sana, kutoka ndani, halafu mwingine ukaujibu. Alimwita mumewe, wakapiga magoti, wakaweka masikio kwenye mbao, yeye upande wa kichwa, Fundi upande wa miguu.

"Wanaongea," alisema Fundi. Alikuwa ameduwaa. "Msikie. Wamo humo wanaongea."

Asubuhi walikuwa wamenyamaza.

Msusi alisimama mbele ya kidirisha hajaosha hata uso. Kioo kilikuwa kimejaa ukungu, matone yanateremka kwa ndani. Aliweza kuona mayai machache, mengine yameshatobolewa kijitundu kidogo, na ndani ya kitundu kimoja aliona mdomo wa kifaranga, mdogo kama punje, ukifunguka na kufungika bila sauti. Halafu ukaacha.

Alimpigia Bwana Mifugo simu, akaanza kabla ya salamu. "Walikuwa wanalia jana, leo kimya. Joto liko sawa. Maji yapo. Shida nini?"

"Mmeweka matundu mangapi?" aliuliza Bwana Mifugo.

"Matundu gani?"

"Ya hewa, mama. Ya hewa!"

Msusi alimgeukia mumewe, ambaye alikuwa anaingia na kikombe cha chai. "Anauliza matundu ya hewa yako wapi."

Fundi alicheka kidogo, kicheko cha fundi aliyetukanwa na mtu asiyejua. "Mwambie kazi yangu haina matundu. Hapo hata sisimizi hapiti. Pale unapoingia waya wenyewe nimeziba kwa gundi na vumbi la mbao."

"Na wao wanavuta nini?"

"Kina nani?"

"Waliomo! Waliomo, baba, wanavuta nini?"

Chai ilimmwagikia Fundi mguuni asisikie. Miaka thelathini amefunga masanduku, na katika miaka yote hiyo hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kulalamikia hewa. Hilo wazo halikuwahi kumpitia kichwani. Walipokuwa wakifungua mara tatu kwa siku kugeuza mayai, hewa iliingia kwa bahati nzuri bila mtu kuialika. Tangu wafunge moja kwa moja, vifaranga walikuwa wamezikwa kwa ufundi wa hali ya juu.

Msusi alishika kifuniko. "Usifungue lote!" simu ilipiga kelele. "Unyevu ukitoka ghafla ngozi ya yai inawakaukia, wananasa! Toboa!"

Fundi alishatoka mbio. Alirudi na keekee, akasimama mbele ya jeneza lake zuri kuliko yote aliyowahi kutengeneza, na mkono ukasita.

"Toboa," alisema Msusi. "Toboa, la sivyo nitalitoboa kwa kichwa changu."

Akatoboa. Ncha ilipopenya, pumzi nzito ya moto ikatoka, ina harufu ya chumba kilicholala watu wengi. Alitoboa tundu la pili, la tatu, akazunguka upande wa miguu akatoboa mengine, vumbi la mbao likimjaa kwenye nyusi, huku Msusi anapuliza kwenye matundu kama anawasha moto. Kisha wakasubiri. Msusi alimshika mumewe mkono na kuuminya kwa nguvu, kwa maana alikuwa na hakika kuwa amewaua, na kuwa sasa lazima aende akaishi na ule ufunguo wa kabati la sukari, na kuwa mjinga wa kwanza duniani ni yeye aliyeweka ndoa yake rehani kwa kuku.

Mlio ukatoka. Mmoja. Mkali, wa mtu aliyekasirika.

Ilipofika saa nne asubuhi kifaranga wa kwanza alikuwa amepasua yai lake lote na kujitupa nje, amelowa, mbaya wa sura, kama kitambaa cha kufutia sufuria. Alijaribu kusimama, akaanguka kifudifudi, akasimama tena. Wengine wakafuata. Hawakutoka wote. Karibu nusu walibaki ndani ya maganda yao na hawakutikisika tena, na Msusi aliwaonea uchungu kila mmoja kwa nafasi yake. Lakini kumi na wanne walitoka. Alilia waziwazi bila kujificha. Fundi alikuwa amebandika paji la uso kwenye kioo.

"Anatembea," alirudia. "Mke wangu, kuna mtu anatembea ndani ya sanduku langu."

Baadaye alijipangusa vumbi, akanyooka. "Haya. Ahadi ni ahadi. Wametoka, na mimi nimeacha." Akaenda uani kukusanya randa na misumeno yake, akaifunga kwenye gunia. Msusi alimtazama kupitia dirishani. Alikuwa ameshinda. Alisubiri furaha ya ushindi ije, ikachelewa.

Badala yake akaja Mama Duka.

Alisimama mlangoni bila kubisha hodi, kanga imemteleza begani, na jicho la Msusi likaenda moja kwa moja kwenye nywele. Upande wa kulia ulikuwa umesukwa ukaisha. Upande wa kushoto nywele zilisimama wima, chanuo bado limechomekwa humo. Alikuwa ameitwa angali kwenye kiti cha msusi mwingine. Na mistari yenyewe, hata katika hali hiyo Msusi hakuweza kujizuia kuona, ilikuwa imepinda.

"Mama," alisema Mama Duka. "Mama yangu. Sasa hivi."

Fundi alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma. Wote walimjua mama yule, bibi mdogo mkavu aliyekaa nyuma ya duka akichambua maharage. Midomo ya Fundi ilicheza, na futi na inchi zikamponyoka kabla hajaziwahi. Akajifunika mdomo kwa kiganja.

"Pole sana, mama. Pole sana. Ila mimi..." Alitazama sakafu. "Kazi nimeacha. Leo."

"Umeacha?"

"Kuna yule wa barabara kuu."

"Yule anayegonga mbao za makreti?" Sauti ya Mama Duka ilipanda. "Mama yangu nimlaze kwenye kreti la soda?"

Hapo, kutoka ndani ya jeneza lililokuwa juu ya stuli, kitu kiligonga, kikagonga tena, kikalia. Mama Duka aligeuka akiwa ametoa macho.

"Kuna nini humo?"

"Vifaranga," alisema Msusi.

Mama Duka alimtazama, akalitazama jeneza na matundu yake, akaanza kucheka. Alicheka kwa sekunde chache tu, kicheko kikakatika katikati, akakaa chini sakafuni pale pale.

Msusi alikuwa na maneno yake tayari. Alikuwa ameyapanga kwa wiki kadhaa akikaanga vitunguu, akifua, akigeuza mayai: maneno makali ya kumwambia huyu mwanamke siku atakapokuja kuhitaji kitu. Yalikuwa mazuri kwelikweli. Yalimfika kwenye ncha ya ulimi. Akamtazama mumewe, amesimama pembeni, mikono inaning'inia kama vitu vya kuazima, anautazama ukuta ili asije akapima. Watu walimkimbia siku zote za mwaka, isipokuwa siku hii moja, ya msiba, na siku hii walimkimbilia yeye, wamevaa kiatu kimoja, hawajamaliza kusukwa. Na yeye Msusi alikuwa ametaka siku hiyo wamkose. Aliona haya. Na chini ya haya hiyo akaona kuwa anajivunia mume wake, jambo ambalo hakuwahi kumwambia, na ambalo asingelisema mbele za watu leo.

"Wewe," alimwambia. "Unasubiri nini? Mbao si zipo?"

Fundi aligeuka. "Na ahadi?"

"Ahadi niliidai mimi, naifuta mimi."

"Na kwa dada yako?"

"Dada yangu hajanialika. Nenda ukafanye kazi yako, na uifanye kama unamfanyia mama yako."

Fundi hakuuliza tena. Walimsikia akilifungua gunia uani kwa pupa.

Msusi alimshika Mama Duka kwapani, akamwinua, akamketisha kwenye kiti. Kwa kuwa sebule ilikuwa ndogo, kiti kililazimika kutazamana na jeneza. Alilichomoa chanuo lililochomekwa, akalitazama, akaliweka kando, akachukua la kwake.

"Huwezi kumzika mama yako na nusu kichwa," alisema. "Na hii mistari ya huyo mtu wako naifumua yote, usinibishie."

Mama Duka hakubisha. Machozi yalimtiririka, naye aliyaacha. Nyuma ya kioo vifaranga walikuwa wameanza kukauka, wanakanyagana, na yeye aliwakazia macho kwa sababu hapakuwa na kwingine pa kutazama. Msusi alifumua msuko wa kwanza, wa pili. Uani msumeno ulianza kukata, taratibu, kisha kwa mwendo wake wa kawaida.

"Si amesema ameacha?" aliuliza Mama Duka.

"Aliacha asubuhi," alisema Msusi. "Haya, inamisha kichwa."